Kazi yangu ya kwanza ilikuwa viazi karai Likoni, na nikaikimbia kwa sababu ya pazia

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Walio kazini, fungueni huu uzi bosi akienda lunch.

Ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe. Sina screenshot wala picha. Anayetaka kuamini aamini, anayetaka kunicheka pia ruhusa, nimeshajicheka kabla yenu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza Form Four, nangoja matokeo. Tulikuwa tunakaa Mtongwe, huko Likoni, nyumba ya kupanga, mimi na mzee wangu. Mzee ni dereva wa trela, leo yuko Malaba, kesho Kampala. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Kwa hiyo siku nyingi nilikuwa peke yangu na TV isiyoshika vizuri.

Sisi ni watu wa bara. Nimekulia Pwani lakini nyumbani tunaongea Kiluhya, na Kiswahili changu kilikuwa cha shuleni na cha stage. Hilo lishikeni, ndilo lililoniponza.

Karibu na kwetu kulikuwa na mama mmoja, Bi Zuhura, anapika viazi karai, vile vya kuchovya kwenye rojo la unga na kukaanga, kwenye baraza ya nyumba yake kuanzia saa tisa alasiri. Wakuu, kuna viazi karai halafu kuna vile vya Bi Zuhura. Ukwaju wake unaweza kuunywa kwa glasi.

Binti yake Rukia, aliyekuwa akimsaidia, alikuwa ameolewa Kisauni. Mama akabaki na karai peke yake na foleni mpaka barabarani. Siku moja nikajitosa. Nikamwambia, "Sasa mama! Unataka mtu wa kukusaidia?"

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Kwenu hamuamkii watu?"

Nikasema shikamoo haraka haraka, foleni nzima inacheka. Akaitikia marahaba, akanisukumia sufuria. "Haya, kaa umenye. Tuone hayo maneno kama yana mikono."

Hiyo ndiyo interview yangu ya kwanza maishani.

Viazi vinachemshwa na maganda, na lazima umenye vikiwa vya moto. Ukisubiri vipoe, rojo halishiki. Wiki ya kwanza vidole vyote vilikuwa vyekundu. Ananitazama napuliza, anasema, "Puliza, mwanangu, puliza. Ndiyo kusoma huko."

Jina langu ni Shadrack. Lilimshinda, akalikata, nikawa Shadi. Nikifika tu, kabla sijagusa kisu, ananiwekea sahani ya wali wa mchana aliouficha. Akiona shati limetoka kifungo, nalivua hapo hapo anashona. Wakuu, ni miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa amenishonea kifungo. Nilikuwa nafika saa saba kwa kazi ya saa tisa. Sikuwa nafuata kazi tena, nilikuwa namfuata yeye. Nasema ukweli, nilitamani aniambie nihamie pale.

Mume wake, Mzee Athumani, alikuwa mgonjwa wa sukari. Mguu una kidonda, hatoki, anakaa kwenye kiti mwisho wa baraza na redio yake. Amekatazwa kila kitu kitamu, na Bi Zuhura alikuwa mlinzi mkali kuliko askari wa bandarini.

Sasa alasiri moja, mama ameingia ndani kuswali, mzee akaniita kwa kidole.

"Shadi, niletee soda. Nyeusi. Iwe baridi kabisa. Na bibi yako asijue."

Nikamwambia babu, umekatazwa. Akasema, "Nimekatazwa mpaka nimesahau ladha. Nenda."

Nikaenda. Akainywa yote, macho amefumba. Chupa nikaisukuma chini ya kiti chake, nikarudi kwenye karai, mama akatoka, hakujua kitu. Au nilidhani hajui.

Kesho yake nafika, nakuta wanaume wamejaa nje kwenye mikeka. Mzee Athumani amefariki alfajiri, na walikuwa wameshamzika.

Wakuu wa bara mtanielewa. Kwetu mtu akifa, mwili unakaa mochari wiki mbili, kamati zinakaa, magari yanatafutwa. Mtu niliyemletea soda jana alasiri, leo hata saa tisa haijafika yuko chini ya ardhi! Nikawaza jambo moja tu: nimemuua.

Nilitaka kumuona Bi Zuhura. Kaka yake akanishika bega kwa upole, akasema, "Dada yuko ndani, haonani na wanaume." Nikadhani ni ya siku ya mazishi tu. Nikakaa na wengine mpaka jioni, nabeba maji, nabeba viti.

Nikarudi siku ya tatu, khitma ya kumsomea marehemu ilipokwisha. Mlangoni pameteremshwa pazia zito ambalo sikuwahi kuliona. Rukia akatoa kichwa. Nikamwamkia, nikamwuliza mama yuko?

"Yuko. Lakini hawezi kukuona."

"Mimi nimekuja kazini."

"Ngoja nikamwambie."

Akaingia. Nikamsikia Bi Zuhura anaongea chini chini, muda mrefu. Sauti ninayoijua kabisa, hatua tano kutoka nilipo, na haji. Mama aliyekuwa akinipokea na sahani, leo hataki hata kuniona uso. Kwangu hesabu ilikuwa imekamilika. Wameijua ile soda. Hapo ndani wanapanga jinsi ya kuniambia, au wanaita polisi.

Nikakimbia. Sikutembea, wakuu, nilikimbia na ndala mkononi.

Mzee wangu aliporudi safari nikamwambia nataka kukaa kwa binamu yangu Chaani, kule Changamwe, nitafute kazi za godown. Akakubali. Mwezi ule ule naye akaachia nyumba ya Mtongwe. Niko Changamwe mpaka leo, miaka saba sasa, sasa hivi mimi ni karani wa kuhesabu mizigo. Likoni nilikuwa siendi. Kama kuna msiba au harusi upande ule, nasingizia shift.

Lakini nilikuwa namkumbuka vibaya sana. Nimekula viazi karai vya Changamwe, Mikindani, Kongowea, kote nanunua nikijua nitavunjika moyo. Nimepata mshahara, nimepata marafiki, nikavaa shati jipya hakuna wa kuniambia geuka nikuone. Mara mbili niliota niko pale mlangoni. Mtu mzima mimi, naamka mto umelowa.

Sasa mwezi uliopita jamaa yangu wa kazini, Swaleh, alifiwa na babake. Aliporudi tukawa tunakula lunch, nikamuuliza mama anaendeleaje. Akasema, "Mama yuko eda. Miezi minne na siku kumi. Hatoki, na wanaume wasio wa damu yake hawamwoni."

Nikaacha kula. Nikamuuliza, "Hata kijana anayemfanyia kazi?"

"Kijana baleghe? Hata huyo. Si kwamba amemkosea, ndiyo sheria ya mjane."

Wakuu, miaka yote nimekaa Pwani. Nimekula pilau za watu, nimesoma na akina Fatuma na akina Omar, na hili sikulijua. Sikuwahi kuuliza.

Jumamosi nikapanda feri. Nyumba ipo, baraza ipo, haina karai. Aliyefungua mlango ni Rukia, amerudi kukaa pale na watoto. Alinitazama kidogo, halafu akapiga mkono kifuani.

"Shadi! Wewe ulikwenda wapi wewe?"

Akaniambia kwamba siku ile pazia limeshuka, mama alikuwa akimwelekeza anipe karai na sufuria, niendelee kupika nje mpaka eda iishe. Alikuwa anamtajia vipimo vya rojo, ndiyo maana alichukua muda. Rukia anatoka na karai mkononi, mtu hayuko. Na mama alipotoka eda, alinitafuta Mtongwe nzima, akakuta nyumba ina wapangaji wengine.

Bi Zuhura sasa yuko Muscat kwa mwanawe wa kiume. Miguu haimruhusu safari tena. Huko simu za WhatsApp hazipiti, wanatumiana voice note. Rukia akanipa simu yake, akaondoka aniache peke yangu. Nikamwamkia. Nikasema kila kitu, soda na yote. Nililia ndani ya hiyo voice note, sitaki kudanganya.

Jibu lilikuja kesho yake alasiri, Rukia akanitumia. Naandika alivyosema:

"Marahaba, Shadi, mwanangu. Nimekusikiza mara tatu, wallahi. Ile chupa niliiona jioni ile ile. Na mzee mwenyewe aliniambia, hakujua kunificha jambo. Alikuwa ana mwezi hajacheka, siku ile akacheka mpaka akakohoa. Hukumuua, mwanangu, siku zake zilikuwa zimefika. Mimi mule ndani nalihesabu siku nitoke, nikuite, nikupe ahsante. Nikatoka, hupo. Mbona hukuuliza, mwanangu?"

Nimeisikiliza sijui mara ngapi. Kumjibu, bado. Nabonyeza, naanza, nafuta.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: ukiishi na watu, uliza mambo yao. Usiogope kuonekana mshamba. Ningeuliza swali moja tu pale mlangoni, ningekuwa na mama miaka hii saba.

Karibuni kwenye comments. Kuna mwingine humu aliwahi kukimbia mahali alipokuwa akingojewa? Na nyinyi watu wa Pwani hasa, nisaidieni: mzazi kama huyu akikuuliza mbona hukuuliza, unamjibu nini?