Nilivyojibu "Ugonile"

Tangu wazazi wetu wafariki na mimi kuacha shule ili nilee wadogo zangu, usingizi ulinikimbia. Mwaka huu nilianza kusinzia shambani nikichuma chai, nikaogopa kufukuzwa kazi, maana wadogo zangu wananitegemea mimi. Muuguzi mmoja akanielekeza kwa mnasihi wa hospitali ya Igogwe, anayewasaidia watu waliokosa usingizi kwa mawazo.

"Dada, huko si kwa vichaa?" mdogo wangu wa kike akanitania.

"Basi nikakuwekee nafasi," nikamjibu, nikaondoka.

Mnasihi alikuwa mama wa makamo. Akanisalimia Kinyakyusa: "Ugonile?" Ndiyo salamu yetu ya kila siku, na maana yake ni "umelala?" Nikaitikia kwa mazoea, "Ndaga," yaani asante.

Akacheka. "Mwanangu, mimi nakuuliza kweli. Umelala?"

"Sijalala, mama. Miaka sita sasa."

Moyo ulinidunda kwa furaha. Tukuyu nzima ilikuwa ikiniuliza swali hilo kila asubuhi, na huyu ndiye wa kwanza kusubiri jibu. Nilizungumza saa nzima bila kuchoka. Akaniambia nirudi Alhamisi, nami nikatamani Alhamisi iwe kesho.