Kapeti la Chumba Namba Sita

Aikaeli alikuwa mtu wa ufagio. Alizaliwa Akeri, kwenye mteremko wa Meru, kwa mama ambaye mgeni akitarajiwa saa mbili asubuhi, saa kumi na moja alfajiri uwanja ulishafagiliwa, na ole wake atakayeacha jani moja la mgomba. Tabia hiyo akaenda nayo mjini Arusha, chuoni, alikoajiriwa kuwa mhudumu wa maabara katika Idara ya Kemia.

Mwaka huu alikuwa anastaafu. Mkuu wa idara, Dakta Ezra, ambaye Aikaeli alimjua tangu akiwa mwanafunzi anayevunja vyombo kila wiki, alimpa kazi nyepesi ya kumalizia: kukusanya habari za wahitimu kwa ajili ya jarida la idara. Nani kaoa, nani kapanda cheo, nani kaenda kusoma nje. Ukurasa wa mwisho ungekuwa wake mwenyewe, na Ezra alishauwekea kichwa: "Mama wa Maabara Inayong'aa." Aikaeli alijifanya hana habari nacho, ila alikuwa amekisoma labda mara saba.

Habari zikaanza kuingia kwenye simu. Nyingi zilikuwa majigambo tu. Mmoja alituma picha nne za gari. Calvin, aliyekuwa akipima maji na udongo kwenye shamba la maua Usa River, yeye aliomba iandikwe kwamba ameacha kazi na sasa anafuga kuku. Aikaeli akampigia kumtania kwamba kuku hawahitaji digrii. Calvin hakucheka. Alisema mikono yake inatetemeka, madaktari wamepima wee hawaoni kitu.

Siku mbili baadaye akaandika Namnyaki, mwalimu wa sekondari Ngaramtoni. Yeye alilifanya mzaha, kwamba siku hizi wanafunzi ndio wanaomwandikia ubaoni kwa sababu chaki inamchezea mkononi. Aikaeli aliiweka simu mezani, akaifunika kwa kitambaa. Aliogopa. Wote wawili walikuwa wasaidizi wa utafiti, miaka mitatu mitatu, chumba namba sita.

Alikijua chumba hicho. Mwaka 2009, jioni moja, barometa ya zamani, ile ya kupimia mgandamizo wa hewa, ilidondoka ukutani humo ikapasuka, na zebaki yake yote ikamwagika sakafuni. Kesho yake wakaguzi walikuwa wanakuja. Bango mlangoni lilisema wazi kuwa zebaki ni sumu, mvuke wake hudhuru mishipa ya fahamu, isifagiliwe, madirisha yafunguliwe, aitwe mtaalamu. Bango hilo Aikaeli alilipangusa vumbi kila siku. Lakini wageni walikuwa wanakuja, bwana, naye alikuwa binti wa mama yake. Akafagia. Kadiri alivyofagia ndivyo yale matone yalivyozidi kugawanyika, mpaka yakazama kwenye nyufa za mbao. Akatandika juu yake kapeti jipya la plastiki, lenye maua, akalipigilia misumari. Wakaguzi walimsifu sana. Kwake yeye, uchafu usioonekana ulikuwa umekwisha.

Na tangu Mei, aliyekuwa akikaa chumba namba sita kutwa nzima, madirisha yamefungwa na hita inawaka kwa ajili ya baridi, alikuwa Diana, mtoto wake wa pekee, anayesomea uzamili.

Jumapili baada ya ibada Diana alikaa jikoni kumenya ndizi za supu ya mtori. Aikaeli hakuwa akiangalia ndizi. Alikuwa akiangalia kisu, nacho kilikuwa kinacheza.

"Imeanza lini hiyo?"

"Baridi tu, mama. Mbona unaniangalia hivyo?"

Aikaeli akakichukua kile kisu, akaendelea kumenya yeye. Alimwambia kesho asiende chuo, na alipoulizwa kwa nini, akaomba apewe ndizi nyingine.

Jumatatu alifika kabla ya watu. Akang'oa misumari kwa koleo, akainua kapeti. Matone yalikuwepo. Yalijipanga kwenye nyufa, meupe, yanang'aa, kama yaliyomwagika jana. Akafungua madirisha, akafunga mlango, akaweka ufunguo mfukoni. Kisha akakaa, akafuta kile kichwa cha habari kwenye ukurasa wake, na mahali pake akaandika alichokifanya mwaka 2009, bila kujitetea.

Ezra alimwamkia shikamoo huku akitabasamu. Aliposoma, tabasamu likaondoka.

"Mama, hii hatuwezi kuichapa. Acha kwanza niongee na wakubwa. Na lile kapeti, naomba ulirudishe kwa sasa. Wiki ijayo tuna wakaguzi."

Aikaeli alimtazama kijana huyu aliyemlea maabarani, akajiona mwenyewe ameshika ufagio.

"Nimeshawatumia wahitimu wote," alisema. "Nimewatumia kabla sijaja kwako."

Simu ikatetema mezani kati yao. Alikuwa Irine, mhitimu wa miaka mingi nyuma, ambaye Aikaeli alikuwa amesahau kabisa kwamba naye aliwahi kukaa chumba kile. Aliandika maneno matatu tu: "Mama, hata mimi."

Ikatetema tena.