Saa Kumi na Moja Angani

Simu yangu ilisema kutoka Guangzhou hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu nane, saa kumi na moja angani. Nilimsomea mjomba, kaka yake mama, palepale uani kwetu Ilongero. Akapiga hesabu kwa vidole, akaongeza safari ya gari kutoka Dar, zaidi ya saa kumi, akatoa amri: mwili wa mama utoke mochwari kesho yake asubuhi, kaka yangu atafika mchana, tuzike.

Zile saa kumi na moja ni za ndege isiyotua popote, na siku hiyo haikuwepo. Kaka alipitia Addis Ababa, akakaa huko akisubiri nyingine. Nilijaribu kumweleza mjomba, akanijibu kwamba ndege si basi, haina abiria wa kushuka njiani. Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilimpa mgongo kwa hasira.

Tena kaka hakuwa ameambiwa. Kwetu aliye safarini haambiwi msiba. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, aje, mengine atayajua akifika, asije akaanguka ugenini peke yake. Kwa hiyo kila alipopiga tulimwambia mama sasa anaendelea vizuri, huku mama yumo kwenye jeneza sebuleni na wanakwaya wanaimba. Mimi ndiye niliyekuwa nakimbia na simu hadi kwenye alizeti nyuma ya nyumba ili asisikie nyimbo.

Mchana ukaja, ukapita. Jua lilikuwa kali, na maiti ikishatolewa mochwari hairudishwi. Mchungaji alianza kuangalia saa yake.

"Yuko wapi huyu?" mjomba aliniuliza.

"Dar, mjomba. Ndiyo kwanza ametua."

"Dar! Sasa Dar mpaka hapa..."

Hakumaliza. Njia hiyo aliijua, hakuhitaji kusomewa na mtu.

Simu ikaita, nikakimbilia kwenye alizeti.

"Mdogo wangu, nimechoka sana," kaka alisema. "Nimeona nilale hapa Dar, kesho nimtafutie mama dawa, ndiyo nije. Si mmesema anaendelea vizuri?"

Nikimwambia, nimevunja walichokubaliana wakubwa. Nisipomwambia, mama anazikwa na mwanawe wa kwanza yuko dukani anachagua dawa. Nilimchukia mjomba, nikawachukia wote waliokaa chini ya turubai wakininyooshea shingo.

"Kaka, usilale huko. Mama..."

"Usimalizie."

 Nilisikia magari ya Dar yakipiga honi.

"Najua tangu Guangzhou," alisema. "Angekuwa hai mngempa simu niongee naye, hata mara moja. Zikeni, msinisubiri. Ila wewe usiniambie. Nikifika hapo ndiyo nitakuwa sina mama. Huku njiani bado anaumwa tu, na mimi nampelekea dawa."

Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Nilimwambia, "Basi mletee ya kifua, kaka. Imemwishia."

"Nitaleta," alisema, akakata.

Nilirudi uani. Mjomba alisimama, akaniuliza kwa ukali kama nimempasulia habari. Nikamwambia hajui kitu, tuzike.