Makosa Tuliyowaficha Wageni

Kompyuta ya redio yetu ndogo hapa Kasulu ilikaribia kujaa. Fundi wetu akaandika amri moja ndefu kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri: ipunguze ukubwa wa rekodi zote za salamu, kisha ifute zile kubwa za mwanzo. Majina ya zilizokamilika yaliingia kwenye faili, lakini ujumbe wa makosa ukawa unamwagika kwenye skrini, mstari juu ya mstari.

Siku hiyo tulikuwa na wageni wafadhili. Fundi akaona haya. Akasimamisha kazi, akaongeza mwishoni mwa amri 2>/dev/null, yaani ujumbe wote wa makosa uende kwenye shimo ambalo kompyuta hutupia kitu kisionekane tena, akaanza upya. Skrini ikatulia. Mimi, mtangazaji, nikamsifu.

Angeandika 2>makosa.txt, makosa yangekaa kwenye faili lake, nasi tungeyasoma wageni wakiondoka. Mficha uchi hazai. Na tulimficha nani? Watu waliokuwa wakinywa soda, wala hawakuitazama skrini.

Wiki chache baadaye akaja dada mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nduta, kule Kibondo. Kaka yake, kabla ya kurudi Burundi, alipita studioni kwetu akamtumia salamu. Zilipotangazwa, redio ya huyu dada haikuwa na betri. Sasa kaka alikuwa amefariki, na dada alikuja tumsikilizishe sauti yake.

Tukaifungua rekodi. Jina lilikuwepo, ndani hamna kitu. Ile ya mwanzo ilishafutwa.

"Kama kompyuta ilishindwa, mbona haikusema?" nikamfokea fundi.

"Ilisema," akajibu bila kuniangalia. "Mimi ndiye niliyeinyamazisha."

Dada hakulia. Alinigeukia mimi.

"Basi niambie wewe, dada. Si ni wewe ulikuwa naye humu ndani? Alisema nini?"

Nilikuwa naye kweli, meza moja tu kati yetu. Nakumbuka shati lake lililofungwa vifungo hadi shingoni. Nakumbuka nikimwambia arudi nyuma kidogo, anapumulia maikrofoni. Maneno yake sikuyasikiliza, kwa kuwa mashine ilikuwa inarekodi. Najuta hadi leo.

"Alikusalimu sana," nikamwambia, maana ndivyo wanavyosema wote.

Akatikisa kichwa kukubali, akasogeza kiti karibu, akangoja niendelee.