Paka wa Pili Nyamongo

Mume wangu alinikatalia paka wa pili kwa hotuba. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Nyamongo, miaka ile ambayo kila aliyeweza kushika sururu alijiona tajiri wa kesho. Kitanda, pazia, jiko, binti zetu wawili, na uvunguni viroba vya mawe ya dhahabu ambavyo panya walivitoboa wapendavyo. Paka tuliyekuwa naye, panya wakipita, alisogeza mkia wasije wakaukanyaga.

Jirani akanipa kitoto cha paka. Mume wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Chumba ni hikihiki kimoja. Watapigana kutwa. Wa kwanza atanuna, aanze kukojoa kila mahali. Na chakula? Huyu mmoja tu hashibi!"

Nikakirudisha, nimenuna kuliko paka yeyote.

Mwezi haujaisha, duara lao, shimo alilokuwa akichimba na wenzake, likatema dhahabu. Bwana akarudi na viatu vya ngozi na miwani ya jua, ambayo aliivaa hata ndani. Jumapili mama yake akaja kutoka Itiryo. Nilimwamkia, nikampa chai, na kabla hajaimaliza akasema kilichomleta: mwanawe sasa ana uwezo, ng'ombe watapatikana, aongeze mke wa kumzalia mtoto wa kiume. Mume wangu akawa anakagua mabati. Kumbe alijua.

Niliogopa. Nikawaona wanangu na mimi tukisukumiwa nyuma ya pazia. Lakini mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa.

"Mama, mambo haya mtaalamu ni mwanao. Juzi nilitaka paka wa pili, akanifundisha."

Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, nikaitoa hotuba nzima: chumba, kupigana, kununa, chakula. Hata kukojoa sikukuacha.

Mama mkwe, ambaye mwenyewe alikuwa mke mkubwa kati ya watatu, alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Wa kwanza atanuna," alirudia taratibu. "Mimi sikusema na baba yako mwaka mzima. Wewe ulikuwa mgongoni, huwezi kukumbuka."

Akaomba chai nyingine. Habari za ng'ombe hakuzirudia.

Mume wangu alitoka bila kuaga. Jioni akarudi na boksi la viatu vyake vipya, akaniwekea mapajani. Ndani kulikuwa na kile kitoto cha paka, kinalia.

"Panya wamezidi," alisema, miwani bado usoni.