Blogu Iliyozima Kila Alhamisi

Blogu yangu inakaa nyumbani, kama mimi. Wenzangu huzipangia blogu zao nafasi kwa kampuni za mbali, zikakaa kwenye majumba ya baridi ambayo wenyewe hawatayaona maisha yao yote. Mimi niliiweka kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza ya televisheni, sebuleni kwa mama, mtaani Makorora, nikapitisha waya wa intaneti dirishani. Watu wakiniuliza sababu, nasema napenda uhuru. Ukweli ni kwamba sipendi kitu changu kilale nje.

Mama huniita mwali, ingawa mimi ni mwanamume. Lakini mwali anayewekwa ndani hutoka siku ya kuolewa, na mimi nimefika miaka arobaini na moja hakuna aliyekuja kuniposa. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kuwachapia watu barua na maombi ya kazi hapo barazani, nikaona cha kunitoa mtaani ni kidogo sana. Blogu niliianza baada ya kufa bibi, mama yake mama. Naandika mambo yake: alivyopika, alivyotukana kwa adabu, alivyokuja kutoka kwao Kigombe na kapu la samaki akisimama kusalimia kila nyumba, mpaka samaki wenyewe wakaanza kulalamika.

Wasomaji wangu hawajazi sebule. Nawajua kwa sababu mashine ina daftari lake: kila anayefungua ukurasa huandikwa saa aliyoingia, alichosoma, na mji anakotokea. Wengi si watu. Ni mashine nyingine zinazopita duniani zikijaribu vitasa, na baadhi huacha maoni ya kunitangazia dawa ya upara. Sina upara. Nina dalili.

Mmoja alikuwa mtu. Kila Alhamisi, baina ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, alikuja mgeni kutoka Maskati. Alisoma taratibu, ukurasa mmoja, wa pili, kisha akaondoka. Sikumjua ni nani mpaka siku alipoacha maoni chini ya habari ya mkate wa kumimina. Hakuweka jina. Aliandika: "Umesahau ufa wa chungu. Aliuziba kwa unga kila akitaka kupika."

Ukiniondoa mimi, ufa ule waliujua watu watatu. Mmoja tumemzika, wa pili ni mama, aliyekuwa jikoni wakati ule akikuna nazi, na wa tatu ni mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa Maskati.

Mama na mama mdogo walikuwa hawasemezani mwaka wa sita. Bibi alipofariki, mama mdogo alikuwa mzazi wa siku kumi, tena uzazi wenyewe wa kisu. Mama akaamua asiambiwe mpaka atoke arobaini. Akatuamuru wote, na sote tukanyamaza. Mimi ndiye niliyenyamaza kuliko wote, maana ndicho kipaji changu. Siku alipoambiwa alisema kwenye simu neno moja tu, "Umenizikia mama yangu kwa siri," akakata. Hakupiga tena. Mama naye akasema angerudi siku ile angefanya vilevile, na hakupiga, akakataza mdogo wake asitajwe nyumbani.

Sasa nina neno lake mkononi. Kulitoa nikaogopa: dada yangu wa Dar husoma kila ninachoandika, na angempigia mama kabla sijanyanyua kidole. Nikaliacha kwenye foleni ya maoni yanayosubiri ruhusa, nikajiambia nitafikiri. Kufikiri ni kazi ninayoifanya nikiwa nimelala.

Alhamisi iliyofuata, blogu ikazima.

Alhamisi ndiyo siku yangu ya kutoka. Baada ya sala ya alasiri mama hunituma makaburini nikamsomee bibi Yasini, narudi karibu na magharibi. Siku hiyo nilirudi nikakuta mashine imezima. Nikabonyeza kitufe, ikawaka, nikasema umeme. Mama akasema umeme haukukatika, feni ilikuwa inazunguka muda wote. Nikatazama daftari: maandishi yanakwenda vizuri mpaka saa kumi na dakika hamsini, kisha pamekatika katikati ya mstari, kama mtu aliyezibwa mdomo. Maskati hakuwemo.

Alhamisi ya pili, vivyo hivyo.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Nikakumbuka kile cheti cha usalama ambacho kila baada ya miezi mitatu lazima kifanywe upya, la sivyo wasomaji wanatishwa kwamba mahali hapa pana hatari. Nikakifanya upya kabla ya siku zake. Alhamisi ikazima. Nikasoma mahali kwamba diski ikijaa mashine hukwama. Nikafuta madaftari ya zamani, na kwa bidii yangu nikafuta na picha za bibi zilizokuwa kwenye kurasa, nikashinda Ijumaa kutwa nikizirudisha moja moja kutoka kwenye simu. Alhamisi ikazima. Nikasasisha programu yote kwa mpigo mmoja, jambo ambalo kila mwenye akili anakataza, na blogu nzima ikageuka ukurasa mweupe kwa siku mbili. Mama akapita, akachungulia, akasema, "Leo umeandika vizuri. Hakuna uongo hata mmoja."

Sikucheka. Nilikuwa nahesabu Alhamisi. Mtu ameishi nje ya familia yake miaka sita, siku moja ananyoosha mkono, anaandika neno la chungu. Wiki inayofuata anakuja, mlango umefungwa. Wiki ya pili umefungwa. Neno lake halijatoka. Huyo hatafikiri habari ya diski. Atafikiri tumemfungia kwa makusudi, kwa mara ya pili, na safari hii mwenye ufunguo ni mimi.

Usingizi ulinipungua, nami sijawahi kugombana na usingizi. Nilikuwa nainuka kwenye kazi za watu katikati ya sentensi kwenda kuigusa mashine kama mgonjwa wa homa. Barua moja ya maombi ya kazi ilitoka imeandikwa kwamba mwombaji ana uzoefu wa kuzima.

Mwishoni nikaenda Ngamiani kwa fundi wangu, ambaye duka lake lina upana wa mlango na kiti kimoja, anachokikalia mwenyewe. Aliponiona aliweka chini bisibisi.

"Mwali katoka. Kuna nini, nyumba imeungua?"

Nikamweleza yote ila mama mdogo.

"Alhamisi kwenu kuna nini?" akauliza.

"Hakuna. Alhamisi tu."

"Na wewe unakuwa wapi?"

"Makaburini."

"Basi inakufuata." Akarudi kwenye simu aliyokuwa anaifungua. "Sikiliza, yakhe. Programu haijui Alhamisi. Mtu ndiye anajua Alhamisi. Kaa nayo uitazame."

"Nina udhuru siku hiyo."

"Wewe una udhuru? Siku sita unaikalia kama kuku mayai, ya saba ndiyo unapata udhuru."

Alhamisi ya tano nikamwambia mama mguu unaniuma. Akautazama mguu, akanitazama mimi, akasema bibi atasamehe. Nikakaa kwenye kochi na kitabu. Saa kumi na robo alifunga madirisha, dirisha kwa dirisha, kama afanyavyo kila mkesha wa Ijumaa ili moshi wa udi ukae ndani. Akaingia na chetezo, makaa yamekolea, akakiweka katikati ya sebule. Kisha akaenda chumbani, akarudi na blanketi. Lile la Maskati, zito, la picha ya simba, lililotumwa zamani wakati watu wanasemezana. Akalikunja mara mbili, akapiga magoti, akaifunika mashine yangu, pande zote nne, akachomeka pembe kwa chini kama anayemlaza mtoto.

Nikamwacha. Nilitaka kuona. Feni ya ndani ilianza kuvuma, ikapanda, ikawa inapiga kelele kama cherehani ya fundi mwenye oda ya Idi. Baada ya nusu saa hivi ikanyamaza.

"Umeona," mama akasema, kwa upole. "Ilikuwa inahema. Sasa imetulia."

"Mama, imekufa."

"Imekufaje? Si wewe uliyesema moshi utakuulia mashine? Nami naisitiri. Kila wiki naisitiri, nikimaliza naifunua kabla hujarudi, usije ukasema nagusa vitu vyako."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimelisema, kwa kununa, siku chache tu baada ya yale maoni ya chungu, wakati nilipofungua mashine nikakuta feni ina masizi. Nililisema nikasahau, mama hakusahau. Wiki tano nimepekua kila ukurasa wa mafundi duniani kutafuta mchawi, na mchawi ni mdomo wangu.

Nikaliondoa blanketi, nikafungua dirisha moja. Bati la mashine lilikuwa la moto kiasi cha kuanikia kisamvu. Nikasema nitaihamishia chumbani kwangu, nikadhani yameisha. Nilipoinua uso mama alikuwa bado ananitazama.

"Mashine inawaka wiki nzima," akasema. "Usiku inawaka, mchana inawaka. Saa moja tu ya Alhamisi ndiyo umekonda kwa ajili yake. Nani anakuja Alhamisi?"

"Wasomaji."

"Wasomaji gani wana siku yao? Kuna mwanamke."

Nikaanza kulikunja blanketi.

"Sema, nisije nikasikia mtaani. Mtu wa umri wako hana la kuona haya, ni sisi tutakaoona haya. Yuko wapi?"

"Maskati," nikasema.

Alikuwa ameanza kucheka. Mdomo ukabaki vile vile, kicheko kikatoka usoni. Akaketi kwenye ukingo wa kochi, na kwa muda mrefu akawa anautengeneza mtandio wake ambao ulikuwa umekaa sawa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Kila Alhamisi. Ila hizi tano hakukuta kitu." Nikafungua foleni, nikamsomea maoni ya ufa wa chungu.

"Na wewe ukalificha hilo."

"Niliogopa."

"Kwa nini?"

"Ulisema asitajwe."

"Nilisema mimi," akasema, "wewe ukashika. Mtu mzima." Akainuka, akachukua chetezo, akaingia nacho chumba cha pili, na sikumsikia tena mpaka adhana. Jioni ile nilikaa na daftari mbele yangu. Mashine ilikuwa inawaka. Maskati hakuja.

Ijumaa baada ya chakula alivuta kiti akakaa nyuma yangu. Aliniambia kwanza nilitoe lile neno la chungu, liende hadharani, na dada yangu akipiga simu nimpe yeye aongee naye. Kisha akasema, "Sasa andika."

"Niandike nini?"

"Siku ile. Wewe umeandika samaki, umeandika mikate, siku ile hujaiandika."

"Nianze kwa kuomba radhi?"

"Nani kakwambia habari ya radhi? Andika ilivyokuwa. Yeye hajui ilivyokuwa."

Nikaandika anavyosema, na aliposimama nikasubiri. Kwamba alfajiri bibi aliomba uji wa mtama, akaonja vijiko viwili. Kwamba aliuliza kama mtoto wa Maskati amepewa jina, mama akamtajia, naye akalirudia lile jina mara mbili, polepole, kulizoesha ulimi. Kwamba waliomwosha ni fulani na fulani, na maji yalikuwa ya uvuguvugu kwa sababu alichukia ya baridi. Kwamba mama alishika simu mchana ule, akabonyeza namba zote isipokuwa ya mwisho. Hilo mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Vidole vyangu vikasimama.

"Mbona umesimama?" mama akasema. "Na hiyo andika."

Siku sita zilizofuata sikuzitendea haki. Nilifanya nakala ya blogu nzima mara tatu, nikaweka moja kwenye simu, moja kwa fundi, moja kwenye mkebe wa biskuti. Nilikagua cheti asubuhi na jioni. Nililipigia simu shirika la umeme kuuliza kama Alhamisi wana mpango wowote na mtaa wetu. Aliyepokea aliniuliza kama nina hafla. Na pamoja na yote hayo nilijua kwamba nayakagua yale yanayokagulika. Kama yeye ameshakata tamaa, hakuna kitufe.

Alhamisi mama hakunituma. Alikwenda makaburini mwenyewe mapema, akarudi na vumbi miguuni, akakaa kwenye kiti kile kile nyuma yangu. Saa kumi na moja. Mashine ya dawa ya upara ilikuja ikaenda. Kumi na moja na nusu.

"Pengine huko kuna wageni," mama akasema.

"Pengine."

"Au watoto."

Kumi na moja na dakika arobaini na mbili, mstari mpya ukatokea. Nikaweka kidole kwenye kioo. Mama akasogea mpaka pumzi yake ikawa shingoni kwangu.

"Ndiye?"

"Ndiye."

Alifungua ile habari ya siku ile. Hakufungua nyingine. Dakika zikapita, nami nikawa nagongagonga meza kwa kidole, mama akakishika kwa mkono wake kikatulia. Mstari wa pili ukaja: ukurasa ule ule, ameufungua tena. Kisha kimya kirefu, mpaka nikadhani ameondoka. Kisha wa tatu.

"Kasoma mara tatu," nikasema.

"Alikuwa mzito wa kusoma tangu chuo cha Kurani," mama akasema. Akautengeneza tena mtandio. "Hiyo mashine yako inaweza kuonyesha mtu kama analia?"

Nikamwambia hapana, haionyeshi hayo.

"Basi si kitu cha maana sana," akasema, lakini hakuinuka kwenye kiti.