Saa ya Babu na Karatasi Iliyokuwa Ndani Yake

Hata leo nikisikia saa ikigonga mfukoni mwa mtu, huondoka karibu naye. Sauti kama ile ndiyo iliyonilaza utotoni kwetu Rumonge, kando ya ziwa, wakati wa Mdachi. Saa ilikuwa ya babu. Tuliambiwa aliinunua Ujiji, na jinsi alivyojua kuitoa mfukoni, hata wavuvi walimwuliza wakati ilhali jua wanaliona.

Babu alipokufa, tulimaliza arobaini, kisha mwalimu wa chuo cha Kurani akaja kugawa mirathi. Kila kitu sharti kijulikane thamani yake: michikichi, nyavu, mtumbwi. Ikabaki saa. Bibi hakutaka kingine. Alisema wazi apewe saa, michikichi wachukue watoto. Nami nilimwombea aipate, maana aliniahidi nitakuwa naitia ufunguo kila magharibi.

Akaitwa fundi wa fedha, mzee mpole, msemaji kupita kiasi. Aliipima saa kiganjani, akaikwaruza kidogo kwa ukucha.

"Hii iko fedha ya kweli," akasema. "Imetoka Ulaya. Tena iko na maganda mawili."

Akalitoa ganda la nje taratibu. Ndani palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa ili ganda lisicheze, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Babu hakujua kusoma. Nadhani hata hakujua kama kimo. Fundi akafurahi, kwa kuwa hati hupandisha bei. Akasoma kwa sauti.

"Saa hii amepewa Juma wa Rumonge, kwa bei ya mutoto mwanamuke mumoja wa Minago, jina lake Kabura."

Juma ndiye babu. Kabura alikuwa mdogo wake bibi, na kwao ni Minago. Sote tulijua aliliwa na mamba akichota maji, kabla mama hajazaliwa. Habari ile aliileta babu mwenyewe, pamoja na kibuyu kilichopasuka.

Mwalimu alishika ndevu zake akasahau kuziachia. Bibi hakulia.

"Soma tena," akasema.

Fundi akasoma, safari hii polepole. Bibi akamsomesha mara ya tatu. Mjomba akaivamia saa akaitupe ziwani, bibi akamdaka mkono.

"Hilo ni fungu langu," akamwambia. "Bei yake nimeisikia."

Wiki ileile akapanda mtumbwi kwenda Ujiji. Siku hizo mtumwa aliweza kukombolewa kwa malipo, na boma la Mdachi likamwandikia cheti. Bibi alikaa huko zaidi ya mwezi. Aliporudi hakuwa na saa. Alikuwa amemshika mkono mwanamke mwembamba, mgongo umepinda, ambaye Kirundi kilikuwa kinampotea.

Nyumba nzima ilimlilia. Aliponinyooshea mikono anikumbatie, nilijificha nyuma ya mlango. Nilinuna siku nyingi. Nilimtazama kila tonge alilokula, nikiwaza kwamba tumetoa saa nzuri vile kwa ajili ya kizee asiyeweza hata kutwanga.

Nilikuwa tayari mama wa binti wa umri aliouzwa nao Kabura, siku moja namsuka nywele, ndipo nikajishtukia. Babu na mimi tuliwekewa vitu vilevile viwili, saa na mtu, na sote wawili tulichagua saa.